Nani Anamchunguza Nani? Mtazamaji na Mtazamwa katika *Walenisi*

Swali la iwapo viumbe wa sayari nyingine wangetuchunguza jinsi sisi tuchunguzavyo wanyama wa porini huonekana na wengi kuwa la kipuuzi, lisilomstahili mhakiki. Anayeishi Mutuini, kama aishivyo mwandishi wa makala haya, hawezi kulidharau. Si mbali na hapa, huko Kabete, ndiko alikozaliwa Louis Leakey mwaka 1903, mwana wa wamisionari. Ndiye aliyeandika utafiti mrefu juu ya Wakikuyu, uliochapishwa kwa majuzuu matatu mwaka 1977, baada ya kifo chake. Na ndiye aliyemtuma Jane Goodall kwenda Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Hatudai kwamba kazi hizi ni moja: Leakey alikulia miongoni mwa Wakikuyu, akazungumza lugha yao na kuingizwa katika rika lao. Lakini majuzuu yenyewe aliyaandika kwa Kiingereza. (Hata Jomo Kenyatta, alipoitwaa kalamu ya mtafiti katika *Facing Mount Kenya* mwaka 1938, aliandika kwa Kiingereza hichohicho.)

Katama Mkangi, mtunzi wa *Walenisi* (1995), alikuwa mwanasosholojia. Kuchunguza watu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani, na badala ya kuangamia anatua kwa wageni. Aliyezoea riwaya za kisayansi za Magharibi atatarajia Dzombo afungiwe, apimwe na kupasuliwa. Wapi! Anakaribishwa. Jina la sayari limekwisha kutoa siri: wale ni sisi.

Wahakiki wameisoma riwaya hii hasa kama njozi ya jamii yenye usawa, na hawakukosea. Sisi tunaona pia hoja juu ya utazamaji wenyewe. Goodall, ili awakaribie sokwe, aliwapa ndizi, na ndizi zikabadili mienendo aliyokuja kuitazama. Mtazamaji akishaonekana, hayuko tena nje ya anachokitazama. Mkangi anaanzia hapo: kwake hakuna maficho wala darubini.

Hata hivyo kuna ufa. Katika sehemu kubwa ya riwaya mgeni huuliza na mwenyeji hufafanua, mara nyingine kwa kirefu kama mhadhara. Mwenyeji hahitaji sana kujua lolote kutoka kwa Dzombo. Je, hajali, au amekwisha kujua? Na kama anajua, alituchunguza lini, na kwa idhini ya nani? Yaweza kujibiwa kwamba Dzombo anauliza kwa niaba ya msomaji. Tunakubali kwa kiasi. Huenda pia mtunzi aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 hakutaka kumsawiri mwenyeji mwenye kumhoji mgeni wake. Lakini ikiwa kweli wale ni sisi, tungetamani walau ukurasa mmoja ambamo mwenyeji anamwuliza Dzombo jambo asilolijua, na Dzombo anakataa kulijibu.