Bwana Polly na Furaha ya Mtoro



Mtu akikaribia arubaini huanza kuhesabu aliyoyakosa, akasahau aliyopewa. Maradhi hayo ndiyo yaliyochezewa katika riwaya ya kuchekesha ya Mwingereza H. G. Wells, The History of Mr Polly, iliyotoka mwaka 1910. Wells aliyajua ya dukani: baba yake alikuwa na duka, na yeye mwenyewe alitiwa duka la nguo ujanani kujifunza kazi.

Bwana Polly amekaa miaka 15 katika duka lisilouza. Ana madeni, mke wasiyepatana naye aitwaye Miriam, na tumbo lisilotulia. Hata hatujui: auchukia mji wake, au ni kiungulia? Cheka, ndugu yangu, kisha jitazame. Wangapi kati yetu hurudi na hamaki za dukani wakawamwagia watoto?

Polly akaazimia kulichoma duka na kujikata koo, ili mkewe apate fedha za bima. Kujiua ni haramu kubwa. Aliyefikwa na fikira hiyo asinyamaze, amwendee mtu wake amwambie. Lakini Polly alipotia moto, suruali yake ikashika. Akashughulika kuuzima hata akasahau kufa! Mara akakumbuka kuwa nyumba ya jirani mna bibi kizee, kiziwi, juu ghorofani. Akapanda, akamvusha juu ya mapaa. Mji mzima ukamsifu.

Hapa ndipo penye johari ya kitabu. Furaha aliyoitafuta miaka yote hakuipata ila saa ile alipoisahau nafsi yake kwa ajili ya kizee cha watu. Na baadaye, katika nyumba ya wageni kando ya mto, hakupata utulivu mpaka aliposimama kumlinda mama mwenye nyumba na jamaa yake mkorofi.

Ila lipo nisilolikubali. Polly alifika huko kwa kutoroka. Alichukua sehemu ndogo ya fedha za bima, akamwachia mkewe zilizobaki, asiage wala asitoe talaka. Mkorofi yule alipokufa maji hali amevaa nguo za Polly, watu wakadhani aliyekufa ni Polly, na Miriam akalipwa bima ya mume aliye hai. Baada ya miaka 5 Polly anarudi, anamkuta na mkahawa wa chai pamoja na dada yake, kisha anaondoka tena. Mwandishi ataka tucheke. Mimi nilikifunga kitabu nikimfikiri Miriam, si mke wala si mjane.

Kubadili maisha si kosa: duka lisilouza lifunge, tafuta kazi nyingine. Lakini haki ya mtu haikimbiwi. Na yule asiyekupikia vizuri, umewahi kumwuliza naye amechoka na nini?

Kisomeni kitabu hiki, mcheke. Kisha rudini majumbani mapema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kukinai. Amin.