Bayasi ya Amplifaya: Joto Kwanza, Milivolti Baadaye

Amplifaya hii ya stereo ililetwa na malalamiko mawili. Upande wa kulia ulikwaruza kila sauti iliposhushwa, hasa gita la benga linapobaki peke yake. Ikipandishwa, mkwaruzo unatoweka. Upande wa kushoto ulitoa sauti safi, lakini chuma chake cha kupozea kilichoma mkono hata pasipo muziki. Fundi wa kwanza alikuwa amezungusha skrubu za bayasi hadi mkwaruzo ukapungua, akairudisha kwa mwenyewe hapa Nakuru. Haukupita muda mrefu, yote mawili yakarejea.

Amplifaya nyingi za nyumbani ni za daraja AB. Transista moja husukuma nusu ya juu ya wimbi, mwenzake huvuta nusu ya chini. Kila moja hudai takriban volti 0.6 kabla ya kufunguka, kwa hiyo zikikosa mkondo mdogo wa kuziweka macho, yaani bayasi, panatokea pengo karibu na sifuri ambapo hakuna inayofanya kazi. Wimbi kubwa hulivuka pengo hilo upesi. Wimbi dogo hunaswa humo. Ndiyo maana bayasi ikiwa chini mno mkwaruzo husikika muziki ukiwa mpole, ilhali spika iliyochanika au amplifaya iliyozidiwa hukwaruza zaidi kadiri unavyopandisha. Kabla ya kushika mita, sikio limeshakuelekeza.

Niliiwasha kwanza kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyoungwa mfululizo na waya wa stima. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Kukiwa na shoti, balbu hung'aa na kubaki iking'aa, na transista zinasalimika. Hii ilimulika kidogo ikafifia. Nikaitoa balbu, spika zikiwa zimechomolewa na hakuna muziki unaoingia, nikapima volti juu ya rezista ya emita ya omu 0.22. Kulia milivolti 1. Kushoto 40, yaani miliampia 180 hivi, na tarakimu zinazidi kupanda. Volti za ndani zilikuwa 45 chanya na 45 hasi, kwa hiyo upande huo ulikuwa unageuza wati 16 kuwa joto tupu.

Chanzo cha upande wa kushoto ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Volti ile ya 0.6 hupungua kwa karibu milivolti 2 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Chuma kikipata digrii 30 zaidi, transista mbili za mwisho zinahitaji jumla ya milivolti 120 pungufu. Ndiyo kazi ya ile transista ndogo iliyobanwa kwenye chuma: inahisi joto na kupunguza bayasi. Hapa skrubu yake ilikuwa imelegea na grisi ya kupitisha joto imekauka. Transista kubwa zilipopata joto, ndogo haikujua. Mkondo ukapanda, joto likaongezeka, mkondo ukapanda tena. Mduara huo huishia kwa transista kuungua, na mara nyingi spika inafuata. Kuzungusha skrubu ya bayasi hakuwezi kuutibu. Nilisafisha, nikapaka grisi mpya, nikakaza.

Kulia, kosa lilikuwa kwenye rezista yenyewe ya kurekebishia, ambayo mguso wake ulikuwa umeliwa na kutu na vumbi. Namsifu aliyeisanifu saketi hii: aliiweka kati ya besi na emita ya ile transista ndogo, kwa hiyo mguso ukikatika bayasi hushuka. Ingekuwa kati ya kolekta na besi, mguso huo huo mbovu ungepandisha bayasi hadi mwisho. Nilibadilisha rezista za pande zote mbili.

Sasa kurekebisha. Mwaka 1971 Barney Oliver wa Hewlett-Packard alionyesha kwamba makutano ya nusu mbili za wimbi huwa laini zaidi volti juu ya kila rezista ya emita ikikaribia milivolti 26. Kwa omu 0.22 hiyo ni miliampia 118, karibu wati 11 kwa kila upande. Hesabu ni sahihi, lakini haijui amplifaya itakaa wapi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo hewa inayopita kwenye mapezi ya chuma hubeba joto pungufu kuliko ilivyodhaniwa. Ubaridi wa jioni zetu za Julai hufidia sehemu tu. Vumbi la udongo wa majivu ya Menengai likiziba mapezi, fidia hiyo inaisha. Tena transfoma hii ilisukwa kwa volti 220, nasi tunapewa 240: kila volti ya ndani hupanda kwa asilimia 9.

Kwa hiyo nilianza na skrubu kwenye bayasi ya chini kabisa, nikapandisha polepole hadi milivolti 12, nikafunika kifuniko nikaiacha nusu saa. Kurekebisha ikiwa baridi na wazi ni kujidanganya. Baada ya kupata joto niliipandisha hadi 18, nikacheza muziki kwa nguvu, nikapima tena mara tu ulipozimwa: ilipanda kidogo, kisha ikashuka yenyewe kuelekea 18. Kushuka huko ndiko nilikokuwa nikikutafuta, maana kunathibitisha kwamba transista ndogo inahisi joto. Mwisho nilipima volti ya DC kwenye matundu ya spika. Ilikuwa chini ya milivolti 20 pande zote. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko: milivolti 18, ikiwa moto, stima ya 240.