Machozi na Haki: Uhakiki wa Umbo la Tamasha la Filamu za Haki za Binadamu kwa Kipimo cha Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Tamasha la filamu za haki za binadamu lina umbo linalotambulika. Filamu, aghalabu ya hali halisi, huonyesha watu waliodhulumiwa. Baada ya onyesho taa huwashwa, mwongozaji au mtetezi wa haki hujibu maswali, na hadhira huondoka na uelewa ambao haikuwa nao ilipoingia. Tamasha la Human Rights Watch, lililoanza New York mwaka 1988, na lile la One World la Prague, lililoanza mwaka 1999, ni miongoni mwa yaliyolijenga umbo hilo. Katika Afrika Mashariki, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar (ZIFF), lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, si tamasha la haki za binadamu kwa jina. Hata hivyo, filamu zenye maudhui hayo zimekuwa na nafasi yake katika maonyesho ya Ngome Kongwe, na tamasha hilo limewahi kuzipeleka filamu hadi vijijini.

Uhakiki wa matamasha haya umezoea kuuliza iwapo filamu zilizochaguliwa zinasema kweli na iwapo zinaigusa hadhira. Makala haya yanauliza swali linalotangulia hayo: umbo lenyewe linamchukulia mtazamaji kuwa nani? Hoja ya msingi ni kwamba tamasha la aina hii limejengwa juu ya huruma ya mtu aliye mbali, na kwamba huruma hiyo, hata ikiwa ya dhati, si haki. Ili kuipima hoja hii, makala yanalihamisha tamasha kimawazo kutoka ukumbini na kulipeleka wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji wa Mikumi ulio katika wilaya hiyo. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu moja: huko, aliyedhulumiwa, anayetuhumiwa na shahidi wangeketi katika uwanja mmoja.

2.0 Mtazamaji wa mbali

Sonia Tascón, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu matamasha haya, anaonyesha jinsi mtazamaji anavyowekwa katika nafasi ya mwenye uwezo wa kusaidia, na anayetazamwa katika nafasi ya mwenye kungoja msaada. Tanzania inao mfano wake wa mgawanyo huo. Filamu ya Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper inafuatilia biashara ya sangara jijini Mwanza: minofu inapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na mapanki. Filamu hiyo ilisifiwa Ulaya, ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Nchini Tanzania iliitwa kwa jina jingine, "filamu ya mapanki", na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikosoa vikali hadharani.

Tofauti ya majina hayo mawili ni tofauti ya watazamaji wawili. Kwa mtazamaji wa mbali, panki ni ishara ya udhalili. Kwa anayelinunua, ni kitoweo chenye bei yake. Kamera ya Sauper inaegemea maana ya kwanza: anayeanika mapanki anaonekana kwanza kama jeraha, na kwa uchache sana kama mtu mwenye kazi na hesabu zake. Mabishano yaliyofuata hayakulirekebisha jambo hilo. Upande mmoja ulikuwa na walioguswa, upande wa pili ulikuwa na walioona taifa limechafuliwa, na watu wa Mwanza waliopigwa picha hawakuwa na kiti katika upande wowote. Hata mtu anayekubali kila picha ya filamu hiyo kuwa ya kweli bado anaweza kuuliza ilikuwa ikizungumza na nani.

Mtazamaji wa kijijini naye alikwisha kupangiwa nafasi zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Tanganyika na nchi jirani. Filamu zilikwenda kijijini kama mwalimu, na mwanakijiji aliketi mbele yake kama mwanafunzi. Lugha ya leo ya "kuhamasisha jamii" imeurithi mpangilio huo kwa kiasi kikubwa. Hivyo umbo hili lina watazamaji wawili: wa mjini au ng'ambo anayetakiwa ahurumie, na wa kijijini anayetakiwa afundishwe. Anayekosekana ni mtazamaji mwenye haki, yaani mtu ambaye tayari anajua alichotendewa na anachotaka ni kusikilizwa.

3.0 Kilosa: ukweli wa pande mbili

Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji dhidi ya wakulima. Filamu itakayoeleza siku hiyo kutoka kwa waliofiwa itakuwa filamu ya haki za binadamu bila ubishi, kwani haki ya kuishi ndiyo inayozitangulia nyingine zote. Mwaka 2009, katika wilaya hiyohiyo, Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Filamu itakayoeleza operesheni hiyo kutoka kwa familia za wafugaji waliopoteza makazi na ng'ombe nayo itakuwa filamu ya haki za binadamu bila ubishi.

Kila moja ya filamu hizo mbili ingeweza kuonyeshwa Prague na kupigiwa makofi. Ikionyeshwa peke yake uwanjani Kilosa, kila moja ingekuwa silaha. Ya kwanza ingemwambia mkulima kwamba mfugaji ni muuaji kwa asili yake, na ya pili ingemwambia mfugaji kwamba jirani zake na Serikali ni kitu kimoja. Zote mbili zingetumia picha za kweli. Upotoshaji ungetokana na mahali zilipokatwa: ya kwanza ingeanza asubuhi ya shambulio, ya pili ingeanza siku ya operesheni, na hakuna ambayo ingeeleza miaka iliyotangulia.

Miaka hiyo ndiyo inayochunguzwa na Benjaminsen, Maganga na Abdallah katika utafiti wao wa mwaka 2009 kuhusu mauaji ya Kilosa. Watafiti hao wanaeleza mgogoro wa mashamba na malisho, sera zilizompa mfugaji nafasi finyu, na rushwa iliyowafanya watu wasiziamini mamlaka zilizopaswa kuamua. Maelezo hayo yanaliletea tamasha tatizo la kisanaa. Rushwa haina sura ya kupigwa picha kama jeneza au boma lililochomwa. Ni malipo madogo yanayorudiwa, ni kesi inayoahirishwa, ni ng'ombe waliokamatwa na kuachiwa kwa makubaliano yasiyoandikwa. Filamu inayotafuta machozi huviruka vitu hivyo kwa kuwa havilizi. Lakini anayetafuta haki Kilosa hawezi kuviruka, kwa sababu humo ndimo haki ilimopotea.

Lugha nayo ni sehemu ya tatizo. Wilaya hii ina Wakaguru, Wasagara na Wavidunda pamoja na jamii zinazozungumza Kimaa, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Filamu ambamo mkulima anazungumza Kiswahili kinachosikika moja kwa moja, huku maneno ya mzee wa kifugaji yakifupishwa kwa maandishi chini ya picha, imekwisha kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Uwanjani usiku, kwa mtu aliyesimama nyuma au asiyesoma, maandishi hayo hayapo kabisa. Sanaa ya vibanda umiza inatoa jibu bora zaidi: msimulizi anayetafsiri filamu kwa sauti, aliyepewa hadhi yake na gwiji Lufufu. Akiwekwa msimulizi kwa kila lugha, tafsiri inakuwa tendo la hadharani ambalo msikilizaji anaweza kulipinga papo hapo.

4.0 Mikumi: kifuta machozi

Mikumi unaleta upande wa tatu, yaani Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Miaka mitano kabla ya hapo, Bernhard Grzimek alitoa filamu yake kuhusu Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuufanya ulimwengu uwalilie wanyama wa Tanganyika. Hiyo ni mojawapo ya filamu zilizofanikiwa sana kuamsha uelewa kuhusu nchi hii. Katika macho yake, nyika ni kamili inapokosa watu na ng'ombe. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba kuamsha uelewa si tendo jema kwa asili yake. Uelewa wa nani, na kwa gharama ya nani, ni maswali yasiyokwepeka.

Kwa mkulima anayeishi kando ya hifadhi, jambo la haki za binadamu huja kwa miguu ya tembo. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za malipo kwa wanaopata madhara kutokana na wanyamapori hatari, na malipo hayo yanaitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yanastahili kusomwa kama mhakiki asomavyo shairi. Neno "fidia" limeepukwa. Fidia hudaiwa, nayo hukiri kwamba pana deni. Kifuta machozi hutolewa, nacho hukiri tu kwamba mtu amelia. Mwenye kudai fidia hushika karatasi na kutaja kiasi, ilhali mwenye kupewa kifuta machozi hushukuru.

Hapo ndipo umbo la tamasha na lugha ya kanuni vinapokutana. Tamasha humtaka mtazamaji alie kwa niaba ya aliyeumia, na kanuni humfuta machozi aliyeumia. Vyote viwili vinaishia kwenye jicho, na deni linabaki mahali pake. Filamu kuhusu Mikumi inayomwonyesha mjane karibu na shamba lililokanyagwa, kisha ikafunga kwa muziki wa majonzi, itakuwa imeifasiri kanuni hiyo kwa picha bila kuihoji. Filamu yenye manufaa ingefuata fomu ya maombi kutoka ofisi ya kijiji hadi inakoishia, na kuuliza kwa nini jina lake si fidia.

5.0 Umbo jingine

Ushahidi kwamba filamu inaweza kuzungumza na mwenye haki unapatikana Pangani, mkoani Tanga. Shirika la UZIKWASA, yaani Uzima kwa Sanaa, lilishiriki kutengeneza filamu ya Aisha (2015), iliyoongozwa na Chande Omar. Inamhusu mwanamke anayerudi kijijini kwao, akabakwa, na kukabiliana na jamii inayotaka jambo hilo lifunikwe. Thamani yake kwa hoja hii iko katika mtazamaji inayemlenga. Filamu haimwambii mtu wa Pangani kwamba ubakaji upo, kwani analijua hilo. Inamwonyesha ukimya wake mwenyewe, kwa lugha yake na katika mazingira anayoyatambua. Anaulizwa kama mhusika, wala hafundishwi kama mwanafunzi.

Pingamizi moja ni la lazima. In the Name of Your Daughter (2018) ya Giselle Portenier inawahusu wasichana wanaokimbilia nyumba salama ya Mugumu, mkoani Mara, ili wasikeketwe. Kwa msichana anayekimbia wazazi wake, mtazamaji wa mbali si tatizo, kwani umbali ndio kinga yake. Kumwambia akae na kijiji kizima uwanjani kungekuwa kumrudisha kwenye hatari. Kwa hiyo hoja ya makala haya ina mpaka: huruma ya mbali ina kazi pale ambapo aliyedhulumiwa anahitaji kuondoka. Kilosa na Mikumi haziko hivyo. Mkulima, mfugaji na jirani wa hifadhi hawana pa kuondokea. Wataamkia mpaka uleule kesho yake.

Kwa watu wa namna hiyo, mfano wa mjadala baada ya filamu ungetafutwa karibu zaidi kuliko New York au Prague. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaunda baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, lenye kazi ya kuwapatanisha wanaogombea ardhi. Tamasha lingeweza kuazima mpangilio huo: filamu mbili za pande mbili katika usiku mmoja, wasimulizi wa lugha zote, kisha wazungumzaji waliochaguliwa na pande zenyewe, wanawake wakiwamo, kabla ya mwongozaji kusema lolote. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inaitaja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ni haki ambayo tamasha linaweza kuitekeleza kwa umbo lake lenyewe, hata kabla ya filamu kuizungumzia.

Kikwazo hakipaswi kufichwa. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, filamu haionyeshwi hadharani bila kibali. Katika migogoro ya Kilosa na Mikumi, Serikali ni mmoja wa wahusika, kwa operesheni zake na kwa hifadhi yake, na ndiyo pia yenye kutoa kibali. Mwenye tamasha atashawishika kuchagua filamu ya huruma, kwa sababu hiyo ndiyo isiyomdai mtu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki umbo la tamasha badala ya filamu moja moja, na yameonyesha kwamba umbo hilo lina mtazamaji wake liliyemzoea: asiyejua, aliye mbali, anayetakiwa aguswe. Katika uwanja wa Kilosa mtazamaji huyo hayupo. Waliopo wanajua zaidi ya kamera, na kila upande una wafu au mifugo ya kuhesabu. Kwa hiyo kipimo kinachopendekezwa kwa wahakiki na waandaaji ni iwapo anayetuhumiwa na filamu alikuwapo, aliielewa kwa lugha yake, na akapewa nafasi ya kujibu mbele ya anayemtuhumu. Tamasha lisiloweza kukidhi kipimo hicho linaweza kuwa na filamu nzuri, na linaweza kuwaliza wengi, lakini litakuwa limetoa kifuta machozi. Fidia itaendelea kudaiwa.