Giza haliingii mara moja

Wandugu, kuna mchoro mmoja unazunguka sana kati yetu: kipima-mwanga kinaingia moja kwa moja kwenye geti ya 74HC04, geti inaendesha rele kupitia transista, rele inawasha ampuli jua likizama. Kwa karatasi iko sawa. Kwa kazi, hapana.

Juu ya nini? Kisangani iko karibu na ikweta, jioni yetu ni fupi. Lakini kwa geti ile, hizo dakika chache ni karne. Ikilishwa volti 4,5, inataka ishara ipande au ishuke ndani ya nanosekunde 500. Chini ya volti 1,35 inasoma 0, juu ya 3,15 inasoma 1. Katikati haiahidi kitu. Giza linapita pale polepole, kelele kidogo tu, geti inayumba, rele inalia ta-ta-ta mpaka inaungua. Kwa nyumba ya Kabondo yenye batri moja ya sola, hiyo ni hasara ya kweli.

Wengine wanaongeza kondansateri. Inachuja kelele, ndiyo, lakini ishara inazidi kuwa ya polepole.

Dawa aliibuni Otto Schmitt wa Marekani, 1934, akiwa bado mwanafunzi: vizingiti viwili, cha kupanda kikiwa juu, cha kushuka kikiwa chini. Geti ikishageuka, kelele ndogo hairudishi nyuma. Iko ndani ya 74HC14, na miguu imepangwa sawasawa na ya 74HC04: unachomoa hii, unachomeka ile.

Basi tusahihishe mchoro kabla ya kuwapa wadogo wetu.