Beit al-Ajaib na Hewa ya Unguja

Picha yake imetundikwa katika kumbi nyingi za Wazanzibari, Maskati hadi London, na aghalabu imepigwa siku ya jua. Labda ndiyo maana tunalisifu kwa milango ya nakshi, taa za umeme na lifti, tukaacha swali ambalo fundi wa Unguja huanza nalo: maji ya masika yatapita wapi?

Nyumba za kale za Mji Mkongwe zilikuwa na jibu. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zilizuia joto, vyumba vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti za mkoko hazifiki mbali, na uwa wa ndani ulivuta hewa. Wazee waliotoka Oman walikuja na sakafu tambarare ya juu, nzuri kwa nchi ya mvua haba. Unguja ikavuja. Baadaye yakawekwa mapaa ya mabati juu yake, na wapenda usafi wa mitindo hadi leo wanayanung'unikia.

Sayyid Barghash alilijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, miaka 11 baada ya tufani ya Aprili 1872 iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzivunja meli zake bandarini. Mtu angetazamia jengo la woga. Yeye alijenga refu kuliko yote, mbele ya bahari, likiwa na roshani juu ya nguzo za chuma. Kwangu mimi roshani hizo zinaupita mnara wa saa kwa mbali: zinautia ukuta kivuli cha alasiri, zinakinga mvua ya ubavuni, na mtu hupunga upepo humo, uwe wa kaskazi au wa kusi.

Kasoro imo katika chuma hicho hicho. Kiliwezesha kumbi pana ambazo boriti zisingeziweza, lakini hewa ya chumvi hukila, na kutu ikivimba hupasua zege. Boriti iliyooza fundi wa mtaani huibadilisha. Mhimili uliofichwa ndani ya zege haumwonyeshi ugonjwa wake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Chanzo ni juu ya wahandisi kukieleza.

Lakini wanaodai lirudishwe "kama lilivyokuwa" wataje pia nani atalipaka chokaa na kuzibua mifereji kila mwaka. Mchango wa ughaibuni, ukipatikana, uanzie huko, kabla ya saa ya mnarani.