Liwali au Wasii? Vyeo vya Dola za Kubuni

Anayefasiri The Lord of the Rings (1954–1955) ya J.R.R. Tolkien hana budi kwanza kupambanua tawala zilizomo katika ramani yake. Gondor ndiyo yenye utata zaidi. Kwa miaka 969 haikuwa na mfalme; ilitawaliwa na ukoo ulioapa kuitunza hadi mfalme arejee, na mkuu wake alikalia kiti cha chini, mbele ya kiti cha enzi kilichoachwa kitupu.

Wengi wangemwita mkuu huyo "liwali". Istilahi hiyo inapotosha: liwali huwekwa na sultani aliyepo, naye aweza kumwondoa. "Kaimu" nalo lanukia ofisi. Afadhali "wasii", mshika mali ya mrithi asiyekuwapo, ijapokuwa wasii hamrithishi mwanawe uwasii. Hapo ndipo msomaji atakapofahamu ubaya wa Denethor kukataa kumpisha Aragorn: hapokonywi kazi, anadaiwa amana.

Rohan si jimbo la Gondor, bali ufalme uliofungamana nayo kwa kiapo. Shire nayo isiitwe "wilaya": mkuu wa wilaya nchini Tanzania huteuliwa na Rais, ilhali meya wa Shire huchaguliwa kila baada ya miaka 7.