Nasaba Iko Msibani: Ukoo Unavyofuatiliwa Ngara na Biharamulo

Huku kwetu mpakani, swali la "babu yako alizaliwa wapi?" si la kupitishia muda. Linaulizwa mtu anapoomba kitambulisho cha taifa, linaulizwa na maofisa wa Uhamiaji, na Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ya kuwasaka wahamiaji haramu ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, watu waliulizwa hadi majumbani. Sheria ya uraia nayo ina mkia mrefu. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya uhuru alikuwa raia kwa kuzaliwa tarehe 9 Desemba 1961 iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo mzee wa 1950 haulizwi habari zake peke yake. Anaulizwa pia habari za baba au mama aliyezaliwa labda 1920, kijijini, mikononi mwa mkunga ambaye hakuwa na kalamu.

Wengi wanaoanza kazi hii huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, na hapo hapo wanagonga mwamba. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ina asili ya 1920, lakini kwa miaka mingi iliwabana Wazungu na Waasia, Waafrika wakaja kuingizwa wilaya kwa wilaya. Hata 2010, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa ni takriban 16 tu katika kila 100. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, yenyewe ni ya 2006, na mpango wa kuwasajili watoto wadogo bila malipo kwenye kata na vituo vya afya ulianza 2013, Mbeya. Anayemtafuta babu kwenye vyeti vya kuzaliwa anamtafuta asikokuwapo.

Njia iliyo bora ni kuanzia upande wa pili: kifo, kisha kurudi nyuma. Mtoto alizaliwa mbele ya wanawake watatu. Mtu mzima akifa, wanakuja watu mia, na kati yao yupo mwenye daftari.

Hilo daftari ndilo la kwanza kulitafuta. Daftari la rambirambi, lile la shule la kurasa 64 au 96, linaandikwa na kijana mwenye hati nzuri aliyewekwa mezani karibu na turubai. Wengi hulitazama kwa ajili ya fedha tu: nani alitoa elfu mbili, nani alileta debe la maharage. Mtafuta nasaba analisoma kwa safu ya majina. Watoaji hupangwa kwa makundi yao: watoto wa marehemu, upande wa shangazi, wakwe wa Rulenge, wajomba wa Kabanga, jumuiya, majirani. Kundi likiandikwa "wajomba" na kijiji chake kikatajwa, umepata alikotoka mama wa marehemu, na aliyekiandika hakuwa na sababu ya kudanganya, maana siku ile hakuna aliyekuwa akigombea uraia wala shamba. Ukipata madaftari mawili ya ukoo mmoja yaliyopishana miaka ishirini, yalinganishe. Kundi lililokuwepo kwenye la kwanza na kukosekana kwenye la pili lina hadithi yake, na bibi mmoja ataijua.

Wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya jeneza kushushwa, una nguvu na udhaifu wake. Kwa watoto, wajukuu na vitukuu ni sahihi sana, kwa kuwa wote wamesimama pale wakisikiliza, na jina likirukwa mtu atalalamika. Kwa mwaka wa kuzaliwa ni dhaifu, kwa kuwa aliyeuandika usiku ule alinakili kutoka kwenye kadi ya mpiga kura, na kadi nayo ilikisia.

Halafu kuna redio. Vizazi viwili vya Watanzania vilipata habari za misiba kupitia matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na muundo wake tunaujua kwa moyo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi kilichotokea siku fulani, mazishi yatafanyika mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa Mwanza, fulani wa Kahama, fulani wa Kampala. Hiyo "habari ziwafikie" ni ramani ya ukoo kwa siku moja, kila jina na mahali pake. Sauti imepotea hewani, lakini karatasi iliyoandikwa kabla ya kupelekwa mara nyingi ilibaki kwa aliyeandika, ndani ya bahasha moja na stakabadhi. Ngara yenyewe ilipata Radio Kwizera mwaka 1995, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi. Magazetini, tanzia na matangazo ya kumbukumbu yenye picha yalikuwa ya wenye uwezo na watumishi wa serikali. Kwa mkulima wa Bushubi, upande wa Washubi hapa Ngara, usipoteze muda mwingi huko.

Karatasi ninayoiheshimu kuliko zote inayotokana na kifo iko Mahakama ya Mwanzo: jalada la mirathi. Familia ikitaka kuteua msimamizi, inakaa kikao cha ukoo, na muhtasari wa kikao hicho unawekwa mahakamani. Humo wanatajwa waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, wake, watoto wa kila nyumba, wakati mwingine hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye wasifu ulimruka kwa aibu. Kisha tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi ndiyo dhahabu. Ndugu wawili wakigombania shamba la migomba, kila mmoja atapanda shina la ukoo hadi kwa babu, chini ya kiapo, na hakimu ataandika yote. Ugomvi wa 1987 unaweza kukupa vizazi vinne ambavyo amani isingekupa. Kuomba kusoma jalada kunahitaji namba ya shauri na mwaka, na mwaka huo unaupata kwenye tarehe ya kifo, ndiyo maana kifo kinatangulia.

Tuingie parokiani, maana hapo ndipo safari inavuka mwaka 1950 kurudi nyuma. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walikuwa watu wa daftari. Hata leo kanuni ya 535 ya sheria za Kanisa Katoliki za 1983 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na kwenye kitabu cha ubatizo ziongezwe pembeni habari za kipaimara na ndoa. Mstari mmoja wa kitabu cha zamani, kwa Kilatini, una namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la kienyeji, *filius* au *filia* (mwana au binti) wa baba fulani na mama fulani, kijiji, msimamizi. Usiishie kwenye mstari. Soma ukingo wa ukurasa: huko ndiko utakuta kwamba msichana huyu aliolewa parokia nyingine, mwaka fulani, na ukiandika namba yake ya ubatizo, kule alikoolewa watampata mara moja.

Jambo ambalo watu hawalijui ni ubatizo wa hatari ya kufa. Wakatekumeni walifundishwa miaka minne kabla ya kubatizwa, lakini mzee aliyekuwa taabani alibatizwa pale pale kitandani, mara nyingi na katekista. Aliandikwa kitabuni *in periculo mortis*, na baadhi wakaongezewa neno *obiit* (alifariki) na tarehe. Mtu huyo hakuwahi kuingia kanisani, watoto wake watakuapia kwamba alikufa mpagani, na hata hivyo mstari wake upo, pamoja na majina ya baba na mama yake. Mzee aliyebatizwa hivyo katika miaka ya 1940 huenda alizaliwa wakati wa Mjerumani au kabla yake, na wazazi wake ni watu wa karne ya 19. Sijui karatasi nyingine ya kawaida wilayani inayofika mbali hivyo kwa mtu asiyekuwa mtemi.

Kuna mtego mmoja hapa, na umewapeleka wengi Bukoba mjini bure. Jimbo Katoliki linaloitwa leo Rulenge-Ngara lilianza 1929 kama vikarieti ya Bukoba, likawa jimbo la Bukoba 1953, kisha 1960 likapewa jina la Rulenge, na jina la Bukoba likahamishiwa jimbo jirani lililokuwa likiitwa Rutabo. Jina la Ngara liliongezwa 2008. Kwa hiyo cheti cha ubatizo cha 1955 chenye muhuri wa "Jimbo la Bukoba" huenda asili yake ni huku huku kwetu. Waanglikana wana ngazi zao: Dayosisi ya Kagera ya 1985, yenye makao yake Ngara, ilitoka Victoria Nyanza ya 1963, nayo ikatoka Central Tanganyika ya 1927. Kwa ndoa za Waislamu wa Biharamulo, uliza kwa shehe aliyeozesha.

Mitego kama hiyo ipo serikalini pia. Kagera iliitwa Ziwa Magharibi hadi baada ya vita vya 1978–79. Ngara iliwahi kuendeshwa kutoka boma la Biharamulo, hivyo barua ya zamani kuhusu mtu wa Bugufi, upande wa Wahangaza wa Ngara, inaweza kuwa kwenye jalada la Biharamulo. Mtu wa Chato ambaye karatasi zake zinasema Biharamulo hajadanganya: wilaya hizo zilitengana 2005, na Chato ikaenda mkoa wa Geita 2012. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Mwingereza, vyenye nasaba za watemi na mgawanyo wa himaya zao, viko Kumbukumbu za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Kwa ukoo wa kitemi ni hazina. Kwa wengine vinasaidia kujua kijiji kilikuwa chini ya nani.

Majina ya watu yana ugumu wake. Wahangaza na Washubi wa zamani hawakuwa na jina la ukoo linalorithiwa. Kila mtoto alipewa lake, na ndugu watatu wa baba mmoja wangeweza kubeba majina yasiyofanana hata herufi. Jina linasaidia mahali pengine: Bukuru na Butoyi ni mapacha, na Kiza ni aliyewafuata, kwa hiyo ukimkuta Kiza peke yake kitabuni, tafuta wawili waliomtangulia. Shule ndizo zilizoleta mfumo wa majina matatu, la mtu, la baba na la babu, na tangu hapo cheti cha darasa la saba ni nasaba ya vizazi vitatu kwenye mstari mmoja. Makarani nao walichanganya r na l, wakatupa h, kwa hiyo tafuta jina kwa sauti yake, usilitafute kwa herufi. Na jina halithibitishi uraia. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu, majina ni yale yale pande zote mbili, na Bugufi yenyewe ilihesabiwa zamani kuwa ya mwami wa Burundi kabla mipaka ya baada ya Vita vya Kwanza haijaiacha Tanganyika. Ofisa anayemshuku mtu kwa jina lake tu hajaisoma ramani.

Umri nao una njia yake. Bibi ukimuuliza mwaka aliozaliwa, atakupa mwaka ulioko kwenye kadi. Muulize: "Bibi, nzige walipokuja ulikuwa unabebwa au unachunga?" Nzige wale ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Matukio mengine ya kupimia yapo: Wabelgiji waliingia Biharamulo 1916. Njaa kubwa iliyoipiga Rwanda na Burundi ni ya 1943–44. Wakimbizi wa Rwanda waliovuka Rusumo na kujaza kambi ya Benaco ni Aprili 1994. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, na familia inayokosa kaburi la mtu aliyesafiri siku zile iulize pia makaburi ya Igoma, Mwanza.

Makaburi yenyewe nimeyaacha mwisho kwa makusudi. Huku watu wamezikwa shambani, na kaburi la kabla ya saruji ni kichuguu kidogo kati ya migomba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wakaacha makaburi walikotoka, kwa hiyo kijiji cha sasa si lazima kiwe cha mababu. Kaburi lenye maandishi linathibitisha tarehe ya kifo. Lisilo na maandishi linathibitisha mahali, iwapo jirani asiye wa ukoo yuko tayari kulionyesha.

Tuunganishe kwa mfano wa kubuni. Mama amefariki 1996. Daftari la rambirambi linataja ndugu wa baba yake wa kijiji fulani cha Bushubi. Jalada la mirathi la 1997 linamtaja baba yake kwa majina mawili. Kwenye parokia ya kijiji kile, kitabu cha 1948 kina mzee mwenye jina hilo, amebatizwa katika hatari ya kufa, na wazazi wake wametajwa. Mjukuu wa jirani anaonyesha kaburi. Karatasi tatu na shahidi mmoja, kila mmoja hakumjua mwenzake, wote wanasema jambo moja.

Sasa linganisha na cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa kwa kuchelewa, zaidi ya miaka kumi baada ya kuzaliwa, kwa barua ya mtendaji na kiapo cha ndugu. Ofisini hicho ndicho kizito. Kwa uchambuzi ndicho chepesi kuliko vyote, kwa sababu kiliandikwa na mtu anayekihitaji, siku anayokihitaji. Kitumie kufungua mlango wa ofisi, lakini ukipingwa, weka mezani mstari wa 1948.

Msiba ukitokea kwenu, sajilini kifo ndani ya siku 30, pigeni picha kila ukurasa wa daftari la rambirambi, na kwenye wasifu andikeni kijiji alichozaliwa baba wa marehemu na kijiji alichozaliwa mama yake. Nakala moja ikae kwa katibu wa ukoo, nyingine ipelekwe parokiani au kwa mtendaji wa kijiji, mahali pakavu, mbali na mchwa.